Mbuzi wa Galla na Maziwa ya Nyika ya Ukambani

Katika nchi nyingi ambazo nyasi zake hazitoshi kumlisha ng'ombe mwaka mzima, maziwa ya nyumbani yametokana kwa karne nyingi na wanyama wadogo wanaocheua, yaani kondoo na mbuzi, na baadhi ya wanyama hao wamepata sifa kubwa kuliko umbo lao. Kondoo wa Lacaune wa kusini mwa Ufaransa ndiye anayetoa maziwa ya jibini ya Roquefort, kondoo wa Sarda amekilisha kisiwa cha Sardinia, naye Awassi mwenye mkia wa mafuta hukamwa katika Syria, Iraki, Jordan na nchi jirani. Msomaji wa Kitui au Makueni anayesikia habari hizo huenda akashangaa, kwa kuwa kondoo anamfahamu vizuri ila hajawahi kumwona mtu akimkama. Ukambani, kazi ambayo kwingineko imepewa kondoo imekuwa ya mbuzi, na miongoni mwa mbuzi anayestahili kuitwa mnyama wa maziwa wa nyika ni yule wa Galla.

Kuachwa kwa kondoo katika kazi hii hakutokani na ubaya wa maziwa yake. Maziwa ya kondoo ni mazito kuliko ya ng'ombe: mafuta yake hufikia asilimia 6 hadi 7, ilhali ya ng'ombe na ya mbuzi kwa kawaida huwa kati ya asilimia 3.5 na 4.5, na protini yake hukaribia asilimia 5.5, kiwango kinachoyafanya yagande upesi na kutoa jibini nyingi. Sababu iko katika malisho na katika historia ya uteuzi. Kondoo hupenda nyasi fupi, na nyasi ndizo zinazokauka mwanzo mvua inapokatika, hivyo kiwele chake hukauka pamoja nazo. Tena kondoo wa Afrika Mashariki, awe yule Mwekundu wa Kimaasai anayesifiwa kwa kuhimili minyoo ya tumbo, au yule wa kichwa cheusi anayetoka upande wa Wasomali, alichaguliwa na wafugaji kwa vizazi vingi kwa ajili ya nyama na shahamu ya mkia au ya matako, na mwili wake umejifunza kuweka akiba huko badala ya kuimimina katika maziwa. Dorper, ambaye leo anaonekana katika maboma mengi ya Makueni, alitokana na uzalishaji wa Afrika Kusini uliochanganya Dorset Horn na huyo wa kichwa cheusi, na shabaha ya waliomzalisha ilikuwa mwanakondoo anayenenepa upesi kwa ajili ya bucha.

Kaunti hizi mbili ni nchi ya miti kuliko nchi ya nyasi. Kitui ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 30,000 na, kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2019, watu 1,136,187; Makueni, iliyokatwa kutoka wilaya ya Machakos mwaka 1992, ilikuwa na watu 987,653. Ukiondoa vilima vya Mbooni, Kilungu na sehemu za Kitui ya kati, ambako kuna unyevu wa kutosha kwa kahawa au maembe ya uhakika, sehemu kubwa iliyobaki ni tambarare ya vichaka na migunga inayoteremka kuelekea mto Tana upande mmoja na Tsavo upande mwingine. Mvua hunyesha katika misimu miwili, na kinyume na mazoea ya wakulima wa nyanda za juu, msimu unaotegemewa zaidi Ukambani ni ule wa vuli, wa Oktoba hadi Desemba, huku ule wa Machi hadi Mei ukiwa wa kubahatisha. Ukame wa mwaka 1984, wa 2009, wa 2011 na wa 2017 unakumbukwa vizuri, na kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022 misimu ya mvua ilikosa kwa mfululizo katika sehemu kubwa ya nyika ya Kenya.

Mbuzi wa Galla hakuzaliwa Ukambani. Asili yake ni kaskazini mwa Kenya na nchi jirani za Wasomali na Waborana, na ndiyo maana vitabu vingine humwita mbuzi wa Boran au mbuzi wa Kisomali. Kwa rangi huwa mweupe, pengine mwenye alama za kahawia au nyeusi shingoni na mabegani, lakini ngozi iliyo chini ya manyoya hayo, hasa puani, kwenye midomo, kwato na chini ya mkia, ni nyeusi, jambo lenye maana kubwa juani: manyoya meupe hurudisha joto, nayo ngozi nyeusi huzuia kuunguzwa na mionzi. Miguu yake ni mirefu, shingo nayo ndefu, na mbuzi jike aliyekomaa hufikia uzito wa kilo 45 hadi 55, huku dume likikaribia kilo 70. Akiwekwa kando ya mbuzi mdogo wa Afrika Mashariki, yule wa kienyeji ambaye jike lake mara nyingi halizidi kilo 30, tofauti huonekana hata na mtoto. Sifa nyingine huonekana kwa wanunuzi tu, nayo ni meno. Wafugaji husifu meno ya Galla kwa kudumu, na kwa kuwa mbuzi asiyeweza kutafuna hawezi kuishi nyikani hata kama viungo vingine ni vizima, jike la Galla linaweza kuendelea kuzaa hadi umri wa miaka 10.

Katika mnada wa mifugo, kama ule wa Emali, mnunuzi hushika taya la mbuzi, huvuta mdomo wa chini na kuhesabu meno ya mbele ya taya la chini, kwa kuwa taya la juu halina meno ya mbele. Mbuzi mwenye jozi moja ya meno makubwa ni wa mwaka mmoja na kitu, mwenye jozi mbili anakaribia miaka miwili, na mwenye jozi nne, yaani kinywa kilichojaa, ametimiza takriban miaka minne au zaidi. Baada ya hapo meno huanza kuachana, kuchakaa na kung'oka. Mnunuzi wa nyama huishia hapo. Anayetafuta maziwa huinama nyuma ya mnyama na kukagua kiwele, akitaka kilichoshikamana vizuri na mwili kisichoning'inia hadi kuchomwa na miiba, chenye chuchu mbili zilizolingana na zinazotosha kushikwa kwa vidole, na kilicho laini baada ya kukamwa, maana kiwele kinachobaki kigumu huenda kina donda la ndani au ugonjwa wa kuvimba kiwele.

Kwa wingi wa maziwa, Galla hawezi kushindana na mbuzi wa Ulaya. Katika hali ya kawaida ya nyika, jike linalonyonyesha humwachia mwenyewe nusu lita hadi lita moja kwa siku baada ya mwanambuzi kupata sehemu yake, wakati Toggenburg, mbuzi wa Uswisi, akilishwa vizuri katika nyanda zenye rutuba, hutoa lita mbili, tatu au zaidi. Hesabu hiyo ndiyo iliyowafanya wengi wamdharau Galla, na makala hii inashikilia kwamba ni hesabu iliyofanywa katika kipimo kisichofaa. Lita tatu za Toggenburg hutolewa na mnyama aliyekatiwa majani, aliyepewa maji kila siku, aliyewekwa kwenye banda lililoinuliwa kutoka ardhini na aliyekingwa na jua, na vitu hivyo vyote vinahitaji kazi ya mtu, hasa ya mama mwenye nyumba, katika nchi ambako mtungi wa maji unaweza kuchotwa kilomita kadhaa kutoka bomani. Galla huweza kukaa siku mbili au tatu bila maji, hutembea mbali kutafuta malisho yake mwenyewe, na akipata majani ya mgunga mwezi wa Septemba bado atatoa kikombe kimoja, katika mwezi ambao ng'ombe wa jirani ameshakauka na Toggenburg asiyenunuliwa chakula hakosi kuugua. Kikombe cha Septemba hakilingani na kikombe cha Januari, kwa kuwa cha Septemba kina mtoto anayekisubiri na hakina mbadala.

Ukamaji wenyewe una utaratibu wake. Jioni wanambuzi hutengwa na mama zao na kufungiwa katika kizizi kidogo au pembeni mwa jiko, na alfajiri mtoto hutolewa kwanza anyonye kidogo ili maziwa yashuke, kwani jike la Galla, tofauti na mbuzi waliozoeshwa mashine, mara nyingi huyazuia maziwa mpaka amsikie au amnuse mwanawe. Mkamaji huchuchumaa nyuma au ubavuni, huminya chuchu kutoka juu kwenda chini kwa kidole gumba na vidole viwili, hulenga kikombe au sufuria ndogo, kisha huacha kiasi ndani ya kiwele na kumrudisha mtoto. Kiasi kinachoachwa ndicho kinachopima busara ya mfugaji: anayekamua mpaka tone la mwisho hupata chai ya maziwa mwaka huu na mwanambuzi dhaifu asiyefika sokoni mwaka ujao.

Maziwa hayo ni meupe pepepe, bila ile rangi ya manjano ya siagi ya ng'ombe, kwa sababu mbuzi huigeuza karotini ya majani, yaani ile rangi inayotoa vitamini A, kuwa vitamini kamili kabla haijaingia kwenye maziwa. Chembe zake za mafuta ni ndogo, hivyo krimu haipandi upesi juu ya chombo, na watu wengi husema kwamba tumbo huyapokea kwa wepesi. Harufu kali inayolalamikiwa mara nyingi hutokana na beberu kulala pamoja na majike yanayokamwa, au chombo kisichooshwa, na hupungua pale beberu anapofungwa mbali na mahali pa kukamia. Jambo moja linahitaji tahadhari: maziwa ya mbuzi yana upungufu wa foleti, ambayo ni vitamini inayohitajika katika utengenezaji wa damu, na mtoto mchanga anayelishwa maziwa hayo peke yake anaweza kupungukiwa damu, kwa hiyo hayachukui nafasi ya maziwa ya mama. Tena lazima yachemshwe, kwa kuwa brusela, ugonjwa unaosababisha mbuzi kutupa mimba, huambukiza binadamu kupitia maziwa mabichi na kumletea homa za kurudiarudia na maumivu ya viungo.

Siri ya Galla, ikiwa inastahili kuitwa siri, iko juu ya kichwa chake. Mbuzi hula kwa kuinua kichwa na hata kusimama kwa miguu miwili ya nyuma, akichuma majani, maua, maganda na vichipukizi vya miti ambayo mizizi yake imefika mahali ambapo nyasi haziwezi kufika. Maganda ya mgunga yanayoanguka wakati wa kiangazi yana protini nyingi, na wafugaji wenye busara huyaokota, huyaweka kwenye magunia na kuyagawa kidogokidogo kwa majike yenye mimba. Mti wa mukau, unaopendwa Kitui kwa mbao zake ngumu zisizoliwa na mchwa kwa urahisi na unaoshughulikiwa na kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, kilichoko Kitui, una tabia ya kuchipua majani kabla mvua haijafika, na wenyeji kwa muda mrefu wamepogoa matawi yake kuwalisha mbuzi katika wiki zile ngumu za mwisho wa kiangazi. Shambani, mabua ya ndengu na kunde, maganda ya mbaazi na masalia ya mtama huwa chakula cha mifugo mara tu mavuno yanapoingia ghalani. Ni jambo la kusikitisha kwamba mabua hayo bado huchomwa moto katika mashamba mengine ambayo wenyewe, miezi mitatu baadaye, hununua nyasi kavu kwa bei ya kuumiza.

Serikali ya kikoloni haikuwa na imani na mifugo ya Ukambani. Maofisa wake, wakitazama makorongo ya Machakos, waliamini kwamba wanyama walikuwa wengi mno na kwamba ardhi ilikuwa ikifa chini ya kwato, na mwaka 1938 walianza kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu, wengi wakiuzwa kwa bei duni ambayo kiwanda cha nyama cha Athi River kilinufaika nayo. Muindi Mbingu aliwaongoza Wakamba kwa maelfu kwenda Nairobi kumlalamikia gavana, na ingawa yeye alikamatwa na kupelekwa Lamu, mpango ule wa kuwanyang'anya watu mifugo ulisitishwa. Mbuzi aliendelea kulaumiwa kwa miongo mingi kama mwangamizi wa ardhi, lakini vilima vilevile vilikuja kufunikwa na matuta ya fanya juu, ambapo mkulima huchimba mtaro na kutupia udongo upande wa juu ili maji yasimame, na mashamba yakaongezeka rutuba huku watu wakiongezeka na mbuzi wakibaki. Mbuzi huharibu palipoachwa bila mwenyewe. Aliyefungwa kamba, au anayechungwa na mtu anayejua ni vichaka vipi vimechoka, hana hatia hiyo.

Baada ya uhuru mkazo ulihamia kwenye kumboresha mbuzi. Katika miaka ya 1980 watafiti walioshirikiana na serikali walimzalisha, kwenye kituo cha Ol Magogo huko Naivasha, mbuzi wa kazi mbili wa Kenya, aliyechanganya robo ya Toggenburg, robo ya Anglo-Nubian, robo ya mbuzi mdogo wa Afrika Mashariki na robo ya Galla, kwa matumaini ya kupata maziwa ya Ulaya ndani ya mwili wa Afrika. Huko Meru, shirika la FARM-Africa lilianza mwaka 1996 kuwaingiza Toggenburg na kuwachanganya na mbuzi wa kienyeji, na mafanikio yake katika miteremko ya Mlima Kenya ni ya kweli. Mafanikio hayo, hata hivyo, yalipatikana mahali penye matete, mvua na masoko ya karibu, na kuyahamishia Tseikuru au Mtito Andei bila kuhamisha matete na mvua ni kumtesa mnyama na kumfilisi mfugaji.

Njia iliyofaa zaidi nyikani imekuwa ya kumpandisha Galla kwa mbuzi wa kienyeji. Kituo cha utafiti cha Kiboko katika kaunti ya Makueni, ambacho leo ni makao ya taasisi ya KALRO inayoshughulikia nyanda kame na malisho, kimefuga na kuuza mbuzi wa Galla kwa miaka mingi, nazo serikali za kaunti na mashirika ya misaada yamegawa mabeberu kwa vikundi vya wafugaji. Hesabu ya kupandisha ni rahisi: mtoto wa beberu wa Galla na jike la kienyeji ana nusu ya damu ya Galla, na binti huyo akipandwa na Galla mwingine hupata robo tatu, na wa kizazi cha tatu hupata sehemu saba kati ya nane, kiasi kinachomfanya afanane na Galla halisi kwa macho na kwa kiwele. Kosa linalorudiwa ni kumwacha beberu mmoja katika kikundi kwa miaka minne au mitano mpaka awapande mabinti na wajukuu wake, jambo linalozaa wanambuzi wadogo na wenye ulemavu. Kikundi kinachobadilishana beberu na kikundi cha tarafa nyingine kila baada ya mwaka mmoja na nusu, kabla mabinti zake hawajaanza kupandwa, hulikwepa tatizo hilo bila gharama yoyote ila nauli.

Magonjwa yanahitaji maneno machache tu. Homa ya mapafu ya mbuzi, ambayo kiini chake kilitambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1976, na sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa nchini mwaka 2006 na ambayo mashirika ya FAO na WOAH yanakusudia kuifuta duniani ifikapo 2030, huweza kuua karibu kundi zima kwa wiki chache, na zote mbili zina chanjo. Mfugaji anayesubiri kuona mbuzi wa kwanza akikohoa ndipo amtafute daktari wa mifugo amechelewa.

Thamani ya mbuzi katika nyumba ya Mkamba haipimwi kwa maziwa peke yake. Mbuzi wa ntheo ndio wanaofungua mlango wa ndoa, na familia isiyo na mbuzi bado huona aibu kuwakopa kwa ajili ya shughuli hiyo. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, katika taarifa zake za kila mwezi za Kitui na Makueni, huandika kilo za mahindi ambazo mtu anaweza kununua kwa bei ya mbuzi mmoja, na pia hutazama maziwa yanayozalishwa na kutumiwa nyumbani, kwa sababu vipimo hivyo viwili huonyesha dhiki mapema kabla haijaonekana kwenye uso wa mtoto. Mbuzi anayekonda huuzwa kwa bei ndogo wakati mahindi yako juu, na hasara hiyo mara mbili ndiyo inayomwacha mfugaji mikono mitupu.

Kasoro kubwa katika ufugaji wa Galla leo ni kwamba mabeberu huchaguliwa kwa uzito na kwa weupe wa manyoya, ilhali ni wachache wanaoandika mama zao walitoa maziwa kiasi gani, hivyo aina iliyojengwa na wafugaji wa kaskazini kwa ajili ya kiwele inageuzwa polepole kuwa aina ya bucha. Daftari la shilingi hamsini na kikombe kimoja cha kupimia, vikitumiwa mara moja kwa wiki, vinatosha kulizuia jambo hilo. Mfugaji wa Kitui au Makueni anayekwenda kununua beberu na amwulize muuzaji mama yake alikamwa vikombe vingapi, na katika mwezi gani wa kiangazi.